BETRI YA GARI LA KIJIJI: TUICHAGUE VEMA, TUIFUNGE VEMA

(Mazungumzo ya fundi mbele ya kamati ya gari na wanakisomo)



Nimeombwa nizungumze juu ya betri ya gari letu. Betri ya zamani imekwisha. Fedha za kununua mpya zimekwisha changwa. Fedha hizo ni jasho letu sote. Tukinunua vibaya, hasara ni ya kijiji kizima. Na gari hili si la matembezi. Ndilo linalompeleka mama mwenye uchungu hospitali. Likikataa kuwaka saa nane za usiku, tutamlaumu nani? Basi tusikilizane vizuri.

BETRI YA ZAMANI ILIKUFA KWA NINI?

Kabla ya kununua, tuulize kwanza swali hilo. Watu wakiugua kipindupindu hatuishii kuwapa dawa tu, tunakwenda kutazama na kisima. Betri nayo ni hivyo hivyo. Huweza kufa kwa uzee, kwa joto, kwa kukosa maji, au kwa kutikisika njiani. Lakini pia huweza kufa kwa sababu altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Kama ugonjwa ni huo, betri mpya nayo itakufa upesi.

Kwa hiyo tuazime betri nzima, tuwashe gari, fundi apime kwa mita. Injini ikiwa inanguruma, mita ionyeshe volti 13.8 mpaka 14.4 hivi. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, nayo itaikausha betri. Hapo tutengeneze gari kwanza, ndipo twende dukani.

KUCHAGUA

Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Maneno yote tunayoyataka yameandikwa ubavuni mwa betri na katika kitabu cha gari.

Kwanza, volti. Gari letu ni Land Cruiser ya dizeli ya volti 12. Lakini yako magari ya volti 24, yenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Usikisie. Soma.

Pili, ukubwa. Dukani utaona N50, N70, N100 na kuendelea. Namba hiyo inakuonyesha betri inabeba umeme kiasi gani. Betri ya ampea 70 kwa saa inaweza kutoa ampea 3 na nusu kwa muda wa saa 20. Haya, tufanye hesabu. Taa mbili kubwa za mbele hula ampea 9 au 10. Gawanya 70 kwa 10. Unapata saa 7. Sasa dereva akisahau taa jioni, asubuhi atakuta nini? Atakuta betri tupu.

Chukua ukubwa ulioandikwa katika kitabu cha gari. Usichukue ndogo kwa kufuata bei. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu sana, kwa hiyo stata yake hutaka umeme mwingi kuliko ya petroli. Wala usichukue kubwa isiyoenea katika sahani yake, maana hutaweza kuifunga.

Tatu, vichwa. Betri ina vichwa viwili vya risasi vinavyochomoza juu. Kimoja kina alama ya kujumlisha (+), hicho ni chanya. Kingine kina alama ya kutoa (–), hicho ni hasi. Kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Tazama chanya kiko upande gani, kulia au kushoto. Betri mpya iwe vivyo hivyo, ili nyaya zifike bila kuvutwa.

Nne, umri. Betri ikikaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa huharibika, hata kama haijatumika. Uliza ilitengenezwa lini. Mwambie mwenye duka aipime mbele yako. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu tu. Usiipokee. Kisha dai stakabadhi na karatasi ya dhamana yenye tarehe na muhuri.

Tano, aina. Betri ya sola na betri ya gari si ndugu. Ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu ichajiwe. Ya sola hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiitumia ya gari kuwashia taa za nyumba kila usiku, utaiua upesi.

KUFUNGA

Sasa tuifunge. Mwenye saa ya chuma au pete aivue. Sigara na kibatari viwe mbali. Betri hutoa gesi inayolipuka, na ndani yake mna asidi inayounguza ngozi na macho. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa au zaidi, kisha nenda zahanati.

1. Zima gari, toa ufunguo, zima taa zote.

2. Fungua waya wa hasi kwanza. Kwa nini? Waya huo umeshikamana na bodi ya gari. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka na unaweza kuungua. Ukikwisha kutoa hasi, hatari hiyo imekwisha.

3. Fungua waya wa chanya. Kisha legeza kibano kinachoishika betri, uitoe ikiwa imesimama wima. Ni nzito, washikeni watu wawili.

4. Safisha sahani. Ule unga mweupe au wa kijani ni wa asidi. Mwagia maji yenye magadi, yale yale ya kupikia maharage. Yatatoa povu na kuua asidi. Suuza, kausha. Angalia, magadi yasiingie ndani ya betri!

5. Tandika kipande cha mpira, weka betri, kaza kibano. Ishike betri kwa mikono uitikise. Ikicheza, bado. Lakini usikaze mpaka sanduku lipasuke. Barabara zetu mnazijua, ni mashimo na makorongo. Betri inayorukaruka humomonyoka ndani, na inaweza kugusa chuma cha boneti ikawasha moto. Kamba ya mpira peke yake haitoshi.

6. Sasa funga chanya kwanza, hasi mwisho. Soma alama mara mbili kabla ya kugusisha waya. Ukibadilisha, utaunguza altaneta, nayo ni ghali kuliko betri.

7. Kaza vizuri, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu ya vichwa ili kutu isiingie.

Mwenye Land Rover aina ya Defender, betri yako iko chini ya kiti cha mbele. Hakikisha kifuniko cha chuma hakigusi vichwa.

BETRI KUUKUU

Neno la mwisho, na hili ndilo zito. Betri kuukuu tusiivunje ili kupata risasi za nyavu. Risasi ni sumu. Inakaa katika udongo wa uwanja, mtoto anachezea, anatia mkono kinywani, na akili yake inadhurika. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mtaani mwao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fedha haziwezi kumrudishia mtoto akili yake. Basi betri hii tuirudishe nzima kwa muuzaji. Wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya.

Ndugu zangu, naomba kamati iteue watu wawili. Kila Jumamosi watazame vichwa, kibano na maji. Maji yakipungua, waongeze maji safi ya betri yanayouzwa dukani. Wasiongeze ya kisima wala asidi. Kisha waandike tarehe katika daftari na kutia sahihi. Kuandika tumejifunza. Daftari hilo tulitumie.

 Sasa nangoja maswali.