Jina Lile Lile, Simu Nyingine
Mazungumzo na wakazi wa Kibamba kuhusu kitochi kilichobadilishwa

Tunafahamu kuwa biashara ya kando ya Barabara ya Morogoro haina saa ya kupumzika, na kwamba kila dakika mnayokaa hapa kuna mteja anayepita.

Tumekuja kuzungumza juu ya simu. Hatukusudii zile za kioo kikubwa ambazo ndizo zinazotangazwa kila kona. Tunakusudia kitochi, simu ndogo ya vitufe ambayo baadhi yenu mnaiita kiswaswadu. Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia kutoka huku pembezoni mwa jiji, liko moja ambalo kwa muda mrefu hatukulipa uzito unaostahili. Mlalamikaji hueleza kuwa alinunua simu ile ile aliyoizoea, yenye jina lile lile, kisha akagundua nyumbani kuwa siyo.

Tuanze na mama mmoja mwenye genge la mboga na nyanya, hapa hapa Kibamba. Jina lake tunalihifadhi, na jina la kampuni iliyotengeneza simu yake vilevile. Alikuwa na kitochi kwa miaka mingi. Alikitumia kupokea fedha za wateja, kumpigia dereva anayemletea mzigo alfajiri, na kumulika njia wakati wa kufunga genge usiku. Siku moja kikatumbukia katika ndoo ya maji. Akamtuma kijana wake Kariakoo akamnunulie kingine, na agizo lilikuwa fupi: taja jina, leta ile ile.

Kijana alileta boksi lenye jina lile. Tatizo likaanza jioni. Tochi, ambayo zamani iliwaka kwa kubonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, sasa ilitafutwa ndani ya menyu. Chaja ya pini aliyokuwa nayo haikuingia. Vitufe vilikuwa bapa na laini, naye alikuwa amezoea kuandika namba yake ya siri kwa kupapasa, gizani, bila kuitazama. Alikosea mara kadhaa hadi huduma ya fedha ikafungwa, na dereva wa mzigo hakulipwa alfajiri ile. Nyanya zikaenda kwa mwingine.

Alipoirudisha, muuzaji alimjibu kuwa alichoagiza ni jina, na jina ndilo hilo. Akaja kwetu akiwa na hakika kwamba ameuziwa simu bandia. Tuliikagua. Ilikuwa halali, haikuwa na kasoro yoyote ya kiwandani, na ilifanya kila kilichoandikwa kwenye boksi lake. Lazima tukiri kuwa tulikaribia kumwambia aende nyumbani akaizoee. Mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo ndilo limetuleta hapa leo: kama simu si bandia wala si mbovu, mbona mama huyu amepata hasara ya kweli?

Ili kujibu, inabidi tukumbuke kitochi kilikotoka. Mwaka 2003, wakati wengi wetu ofisini tulikuwa bado watoto, kampuni ya Nokia ilitoa simu iliyoitwa 1100. Ilikuwa na tochi. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi kwa urahisi, na ubavu wake ulikuwa na mikwaruzo ya kuzuia isiteleze katika mkono wenye jasho. Waliibuni kwa kuwafikiria watu wa nchi zenye vumbi, joto na umeme wa kubahatisha, na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Kwa hiyo kitochi hakikupendwa kwa bahati nasibu. Kila kilichopendwa ndani yake kiliwekwa kwa makusudi, na kila kilichowekwa kwa makusudi kinaweza pia kuondolewa kwa makusudi.

Sasa tazameni jambo la majina. Mwaka 2013 kampuni hiyo hiyo ilitoa Nokia 105. Baadaye likatoka toleo la 2015, likafuata la 2017, la 2019, la 2022 na la 2023, na yote yaliitwa Nokia 105. La kwanza lilikuwa na kioo cha takriban inchi moja na nusu; la 2017 kioo kilikaribia inchi mbili. Matoleo ya mwanzo yalichajiwa kwa pini nyembamba, ya baadaye kwa waya wa USB ndogo. Betri ya lile la 2013 iliandikwa mAh 800, ya lile la 2023 mAh 1,000. Katikati ya miaka hiyo hata mikono ilibadilika: biashara ya simu za Nokia ilikwenda kwa Microsoft mwaka 2014, kisha jina likapewa kampuni nyingine, HMD Global. Hatusemi kuwa matoleo mapya ni mabaya. Baadhi ya mabadiliko hayo ni nafuu kubwa. Waya wa USB sasa unapatikana katika kila duka la mtaani, na mzee mwenye macho hafifu atashukuru kioo kikubwa. Tunachosema ni kwamba anayeagiza kwa jina peke yake hajaagiza simu moja. Ameagiza yoyote kati ya kadhaa.

Mfano uliozungumzwa zaidi duniani ni ule wa 3310. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ikiwa na uzito wa gramu 133, na sifa yake ilikuwa ugumu. Februari 2017, huko Barcelona, ikatangazwa 3310 mpya yenye kioo cha rangi, kamera na uzito usiofika gramu 80. Wapo walioishangilia kana kwamba ndugu amerudi kutoka safari ndefu. Wapo walioishika mkononi wakaona ni nyepesi mno kuwa ile waliyoijua. Na wapo walioacha kumbukumbu pembeni wakauliza swali la maana kuliko yote, yaani inatumia mtandao gani. Jibu lilikuwa kwamba toleo lile la kwanza la 2017 lilitumia 2G pekee. Katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuzima mtandao huo, lilikuwa pambo. Miezi michache baadaye likatoka toleo la 3G, nalo likaitwa 3310.

Hao wa mwisho ndio tunaotaka tuwaige. Mara nyingi mtumiaji wa zamani anayelalamikia toleo jipya huchekwa na vijana, huambiwa anang'ang'ania ya kale. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu aliyeitumia simu miaka minane anaijua kuliko mwandishi wa tangazo lake. Anajua kitufe gani hufutika mapema, tochi inamulika hatua ngapi, chaji inakaa siku ngapi. Maarifa hayo ni mali. Kasoro yake ni moja: huwa tunayakumbuka tukiwa tumekwisha kulipa.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na tunaomba mvumilie kidogo. Uuzaji wa bidhaa nchini unaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji shughuli anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye ndiyo biashara yake, basi bidhaa lazima iifae shughuli hiyo. Lakini sheria hiyo imeweka pia mwanya: bidhaa mahususi ikiuzwa kwa jina lake la kibiashara, sharti hilo la kufaa kwa shughuli maalumu halichukuliwi kuwapo. Mnaona ilikomfikisha mama yetu? Kijana wake alitaja jina, hakutaja kazi. Muuzaji alitoa jina.

Liko shauri la Uingereza lililoripotiwa mwaka 1925, la Baldry dhidi ya Marshall, ambalo tunapenda kulisimulia. Bwana mmoja aliwaendea wauzaji wa magari akawaambia anataka gari la starehe, linalofaa kwa matembezi. Wakampendekezea Bugatti. Alipolipata akaliona halina starehe aliyoitaka, akalirudisha na kudai fedha zake. Wauzaji wakajitetea kuwa wamemuuzia gari kwa jina lake, na jina ni Bugatti kweli. Mahakama haikukubali. Kwa kuwa alikuwa amewaeleza shughuli anayolitakia gari na kuwategemea wao, jina peke yake halikuwaokoa. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila husaidia kuzisoma sheria zenye maneno yanayofanana na ya kwao.

Tofauti kati ya bwana yule wa Bugatti na mama wa genge ni sentensi moja iliyosemwa dukani. Kwa hiyo mnapokwenda Kariakoo, Manzese au kwa muuzaji wa hapa Mbezi Mwisho, msianze na jina. Anzeni na kazi: nataka simu ambayo tochi yake inawaka kwa kitufe kimoja, vitufe vyake nivihisi kwa kidole, ikae na chaji tangu Jumatatu hadi Alhamisi, na ikubali laini ya mtandao ninaoutumia. Kisha mwombeni muuzaji aandike maneno hayo machache pamoja na mwaka wa toleo nyuma ya risiti ya mashine ya EFD. Wapo watakaowacheka. Anayekataa kuyaandika amewapa taarifa muhimu bila malipo.

Kabla ya kutoka dukani, fumbeni macho mwandike namba kumi kwa kupapasa. Washeni tochi. Fungueni mfuniko wa nyuma mwone kama betri inatoka. Betri inayotoka ina thamani kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtu anaweza kununua nyingine badala ya kununua simu nzima, na nyumba nyingi hapa betri ya kitochi cha zamani ndiyo inayoendesha redio ndogo. Ila msinunue betri kwa sura. Hata betri za kiwanda halisi zimewahi kuwa na hitilafu: Agosti 2007 Nokia iliwatangazia watumiaji kuwa betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa kwa ajili yake na kampuni nyingine, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, na ikajitolea kuzibadilisha bure. Waliosoma maandishi yaliyo juu ya betri ndio walioweza kujua kama yao imo.

Kuhusu simu bandia, wengi mnakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu zisizo halali. Utaratibu wa kujihakikishia ni ule ule: bonyeza *#06#, utaona namba yenye tarakimu 15, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kisha linganisha jibu na simu uliyoishika. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, usilipe. Hata hivyo namba hiyo inathibitisha uhalali tu. Haisemi kama simu itakufaa, na simu ya mama yetu ingefaulu mtihani huo bila shida.

Mmoja wenu ametuuliza tulipokuwa tukipanga viti: je, kampuni ina haki ya kukibadilisha kitu ambacho watu wanakipenda? Inayo. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kuendelea kutengeneza simu ya mwaka 2003. Ambacho Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza ni upotoshaji. Muuzaji anayekuhakikishia kuwa hii ni ile ile, hakuna kilichobadilika, hali anajua kimebadilika, amevuka mpaka, na lalamiko lake hupelekwa Tume ya Ushindani.

Na wanaolalamika kwa ufasaha husikilizwa. Mwaka 1985 kampuni ya Coca-Cola ilibadilisha ladha ya soda yake huko Marekani. Watu walipiga simu na kuandika barua kwa wingi mno, na kabla ya miezi mitatu kutimia ladha ya zamani ikarudishwa madukani. Kwa upande wa kitochi, barua yenye kusema tu kuwa simu mpya ni mbaya haina pa kushikia. Inayosema kuwa tochi imehamishwa kutoka kitufe kimoja kwenda hatua ya nne ya menyu, na kwamba watumiaji wake hufunga genge saa tatu usiku, mhandisi anaweza kuifanyia kazi.

Mama wa genge, mkitaka kujua, hakurudishiwa fedha zake. Alikubaliana na muuzaji abadilishiwe, akaongeza kiasi kidogo, na safari hii alikwenda mwenyewe. Alifumba macho dukani akaandika namba yake, mbele ya wateja wengine.

Tuna meza mbili pale chini ya mwembe. Ya kushoto ni ya kuhakiki namba za simu. Ya kulia ni ya malalamiko, nanyi mnaombwa kuja na risiti, boksi na simu ya zamani kama bado ipo, hata ikiwa imekufa. Wazee waanze.