Pembe Nne za Godoro

Somo letu latoka Injili ya Marko, mlango wa 2, kifungu cha 1 hadi 12. Watu wanne walimbeba mwenye kupooza, na umati ulipowazuia wakapitia juu ya paa.

Ndugu zetu, katika kanisa letu sisi tulikuwa umati ule. Jumapili moja kwaya ilipoanza kuimba, mtoto wa miaka 7 asiyesema neno aliziba masikio akapiga mayowe. Mzee mmoja akamnong'oneza mama yake, "Mama, mtoe nje kidogo." Akatoka, asirudi kwa miezi 8. Nasi tukasema ni laana.

Mtoto yule ana usonji. Si laana, si pepo, wala si malezi mabaya. Ubongo wake hufanya kazi kwa namna nyingine tangu utotoni. Sauti iliyo tamu kwetu yaweza kuwa maumivu kwake. Naye akikua, atakuwa mtu mzima mwenye usonji.

Tulipokwenda kuomba msamaha, mama alituuliza, "Nikifa, nani atamtunza?" Hatukuwa na jibu. Ndipo tukashika pembe za godoro. Mmoja wetu alimsindikiza kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984, navyo huelekeza mtoto kwenye shule imfaayo. Wa pili alipanga foleni naye hospitalini, ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wa tatu alikwenda naye kuuliza habari za zile shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo serikali hutoa kwa jamaa maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hadi leo wangoja. Wa nne hukaa na mtoto Jumamosi, mama aende sokoni.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataja haki za watu hawa. Lakini haki iliyo ofisini haimfuati mtu nyumbani, yahitaji wabebaji. Swali la mama bado ni zito, ila sasa halibebi peke yake. Je, kwenu nani ameachwa mlangoni?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliofunga njia. Utupe mikono ya kubeba, na subira ya kungoja pamoja na wangojao. Amina.