HOTUBA YA MWENYEKITI: TUMSAIDIE MGONJWA WA SARATANI AJITUNZE



Habari za hisa na mikopo mmeshasomewa na mhazini. Sisi tunataka kusema juu ya ugonjwa wa saratani.

Katika miaka hii 10 wenzetu watatu wameugua saratani, wawili ya shingo ya kizazi na mmoja ya titi. Wote walitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli tulichanga, na tutaendelea kuchanga. Lakini jamani, mgonjwa akishapata dawa anarudi nyumbani, na daktari harudi naye. Homa inamkuta usiku. Nani amwambie lipi avumilie na lipi asivumilie?

Ndipo tukaanzisha daftari. Sisi watu wa hisa daftari tunalijua. Mgonjwa anaandika kila siku: maumivu yako wapi, ametapika mara ngapi, amekula nini, choo kikoje. Asiyejua kuandika, mjukuu anamwandikia. Akifika kliniki hasemi tena "naumwa-umwa tu". Anafungua daftari, daktari anaona.

Wauguzi walitufundisha haya:

Homa. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Joto likifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyo hiyo. Asimeze panadol akalala.

Kichefuchefu. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Dawa ya kuzuia kutapika aimeze kama alivyoandikiwa, asisubiri mpaka atapike.

Vidonda vya mdomo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji safi ya uvuguvugu. Asukutue, ateme.

Mionzi. Ngozi isisuguliwe, alama alizochorwa zisifutwe, asipake kitu bila kuuliza.

Maumivu. Morfini ya maji watu wanaiita dawa ya kufia. Si kweli! Ni dawa ya maumivu, inanywewa kwa saa zake alizopanga daktari, siyo mpaka mtu azidiwe. Inafunga choo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha choo.

Na dawa za miti shamba, kama anatumia, amwambie daktari. Asifiche.

Mwenzetu mmoja alipima joto saa tano usiku, akakuta limepita 38. Nyumbani wakasema tungoje kukuche. Yeye akasema hapana, imeandikwa kwenye daftari. Bodaboda ikaitwa. Leo amekaa pale mbele, na mkopo wake wa kuku anaurejesha vizuri. Mwingine tulimzika. Lakini siku zake za mwisho maumivu yalitulizwa, akaongea na watoto wake mpaka akawaaga. Hilo nalo si dogo.

Sasa tunawaomba wanachama leo tupitishe jambo moja: mfuko wa jamii ununue vipimajoto vinne, kila mtaa kimoja, na madaftari. Na kila mwanamke hapa akapime shingo ya kizazi mapema, kabla ya kuhitaji daftari hilo.

Fedha tumeweza kuitunza pamoja. Na wagonjwa wetu tutawaweza.