MKONDO MMOJA KUANZIA JANUARI: HOTUBA YA MWALIMU MKUU SIKU YA KUFUNGA SKULI

Hotuba ifuatayo ilitolewa mbele ya wazee, walimu na Kamati ya Skuli katika skuli moja ya msingi ya Wilaya ya Mkoani, Pemba. Inachapishwa kwa faida ya wananchi na watumishi wa shehia nyengine ambazo skuli zao zinakaribia kuingia katika mabadiliko kama hayo.



Kwa niaba ya walimu wenzangu nachukua fursa hii kukushukuruni kwa kuitikia mwaliko wetu. Najua kuwa jua la leo ni la kuanikia karafuu, na wengi wenu mmeyaacha majamvi nje bila ya mtu wa kuyatazama. Sitakuchelewesheni.

Muhula tunaoufunga umekwenda salama. Mitihani imefanyika kwa utulivu, na vyoo vya wanawake vimetengenezwa kwa nguvu za wananchi wenyewe. Ripoti zitaeleza yaliyobaki.

Jambo lililotufanya tuombe mje kwa wingi ni hili. Kuanzia Januari skuli yetu itaacha utaratibu wa mikondo miwili. Jengo jipya la ghorofa limekamilika, kama yalivyokamilika mengine kadhaa Unguja na Pemba katika miaka hii ya karibuni, na watoto wote wataingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 7:30 mchana.

Nawaomba vijana wasiubeze mkondo wa mchana. Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo, mlango ulifunguliwa kwa watoto ambao wazee wao hawakuwa na uwezo wa kulipa. Watoto walizidi vyumba. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 nayo ikaweka miaka miwili ya maandalizi kabla ya miaka sita ya msingi, na vyumba vikahitajika zaidi. Lau si mkondo wa mchana, wengi wangelirudishwa mlangoni.

Hata hivyo, walioulipia mkondo huo ni watoto. Mtoto wa mchana huingia darasani akiwa amekwishachota maji, amekwenda chuoni na ametembea juani. Ifikapo saa tisa, nusu ya darasa imelaza vichwa juu ya madawati. Mwalimu wake hukuta ubao umejaa maandishi ya mwenziwe wa asubuhi, wala hawezi kuacha picha ukutani akaikuta kesho. Msimu wa karafuu ukiingia, mtoto huyo ndiye anayeanza kupelekwa shamba asubuhi kuokota mpeta, kwa hoja kwamba skuli bado. Madaftari ya mahudhurio yanaonesha hivyo kila msimu, na kila mwalimu hapa anaweza kuyatoa akakuonesheni.

Sasa nije kwenye lile linalozungumzwa barazani. Vyuo vyetu vya Kurani navyo vimejipanga kwa mikondo miwili: watoto wa skuli ya mchana husoma chuoni asubuhi, na wa asubuhi husoma alasiri. Tukiingia mkondo mmoja, watoto wote watamfikia mwalimu wa chuo kwa wakati mmoja, ndani ya banda lile lile. Walimu wa vyuo wamenifuata na kunieleza khofu yao, na kwa maoni yangu wana haki. Haiwezekani skuli ipumue kwa kukibana chuo.

Pendekezo letu ni kuwa watoto wadogo, baada ya kula na kupumzika, wasome chuoni mpaka sala ya Alasiri, na wakubwa waanze baada ya sala hiyo mpaka karibu na Magharibi. Kwa upande wake, skuli haitaweka masomo ya ziada wakati wa jioni isipokuwa kwa darasa la sita, ambalo lina mtihani wa taifa, tena kwa siku mbili tu za wiki. Walimu wenzangu walitaka siku nne. Nimewaomba wakubali mbili.

Mzee mmoja ameniuliza: mtoto akitoka skuli aende chuoni, kazi za nyumbani atazifanya lini? Suali lake ni la kweli. Atazifanya kwa uchache kuliko zamani, na nyumba zenye mikono michache zitaona uzito. Kukaa na mama barazani usiku kuchambua makonyo hatukatazi. Sote tumekulia hapo. Tunachokikataa ni kumbakisha mtoto shamba siku ya skuli na, zaidi ya hayo, kumpandisha mkarafuu. Matawi ya mti ule huvunjika upesi, nanyi mnajua kuliko mimi.

Lipo pia suala la chakula. Mtoto wa mchana alizoea kula kwao kabla ya kuja. Sasa atakaa mpaka saa 7:30. Hatudai chai ya maziwa. Muhogo uliobaki usiku unatosha, mradi asitoke na tumbo tupu. Kamati itazungumza na akina mama wanaouza vyakula langoni kuhusu usafi na bei.

Kamati itakutana na walimu wa vyuo Jumamosi hii baada ya Alasiri, hapa hapa skuli, na Mheshimiwa Sheha amekubali kukiongoza kikao. Kila mzee mwenye mtoto wa mkondo wa mchana amwandikishe kwa mwalimu wa zamu kabla ya kuondoka, pamoja na jina la chuo anachosoma, ili kikao kijue kila mwalimu wa chuo ataongezewa watoto wangapi. Ripoti zinatolewa madarasani. Wa darasa la kwanza na la pili waanze, wapate kurudi mapema.