"Haki ya Mungu Tena": Kuacha Mazoea ya Kuapa Katika Maongezi ya Kila Siku

(Mada kwa semina ya viongozi wa vyama vya msingi, wavuvi na wafanyabiashara, Mbinga)

 

1. Utangulizi

Mwezi uliopita nilikuwa ufukweni Mbamba Bay, Wilaya ya Nyasa, nanunua dagaa. Mama muuzaji alinisogezea sado ya usipa mkavu, akataja elfu kumi na nane. Nikamwambia, "Mama, punguza kidogo." Akajibu, "Haki ya Mungu tena, Mwalimu, mimi mwenyewe nimechukua kwa elfu kumi na saba. Mungu mmoja!" Nikageuka kuondoka. Sijafika hatua tano, akaniita: "Haya njoo, Mwalimu, lete kumi na tano."

Nilinunua. Garini, tukipanda milima kurudi Mbinga, nilijiuliza kile kiapo kimekwenda wapi. Sikuweza kumlaumu mama yule. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwapia mwenye duka jirani kwamba Jumamosi haipiti bila kumlipa. Jumamosi ilipita, deni likabaki.

2. Kuapa ni nini

Sizungumzii matusi, hayo yana mada yake, na yana kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu. Nazungumzia viapo vidogovidogo: haki ya Mungu, wallahi, nife nikizikwa, mama yangu mzazi. Wapo wanaoogopa kumtaja Mungu, wakasema "haki ya nani". Hao nao wanaapa, ila wamemficha shahidi wao.

Kiswahili husema mtu "anakula" kiapo. Zamani neno kiapo lilikuwa pia jina la jaribio la kumpima mtuhumiwa. Katika nchi za kando ya Ziwa Nyasa jaribio hilo lilikuwa la mwavi: gome la mti huo wenye sumu lilisagwa, likatiwa majini, mtuhumiwa akanywa mbele ya watu. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, alikufa, na kifo chake kikahesabiwa kuwa hukumu. Ulikuwa ukatili, na watu wengi wasio na kosa walipotea. Lakini aliyekubali kiapo alijua anaweka roho yake rehani. Leo tunaapa kwa ajili ya sado ya dagaa, wala hatumezi kitu.

3. Kwa nini tunaapa

Jibu jepesi ni kwamba tumezoea. Lakini kila mazoea yana mahali yalipozaliwa, na haya yamezaliwa pale ambapo neno tupu haliaminiki na ushahidi haupo.

Tuchukue biashara ya magoma, ambayo wakulima wa kahawa wa hapa Mbinga tunaijua vizuri. Mzazi ana ada ya shule au mgonjwa ndani, kahawa bado iko mtini. Mwenye fedha anamkopesha kwa makubaliano ya mdomo, kahawa italipa ikivunwa. Hakuna karatasi wala shahidi. Msimu ukifika, mmoja anasema magunia matatu, mwingine anasema mawili, na kila mmoja anaapa kwa nguvu kuliko mwenzake. Aliyelia zaidi ndiye anayeaminiwa.

Sasa tazameni kwenye chama cha msingi chenye utaratibu. Mkulima anasoma mzani kwa macho yake, kilo zinaandikwa, anapewa stakabadhi. Katika miaka yangu yote sijamsikia mtu akiapa mbele ya mzani anaouona mwenyewe. Kiapo huanza pale mzani unapogeuziwa upande wa karani.

Mahali pengine ni nyumbani. Mtoto anasema hakuvunja kikombe. Mzazi anamkazia macho: "Apa!" Mtoto analamba kidole, anakinyoosha juu. Siku hiyo amejifunza kwamba "hapana" yake peke yake haina thamani kwa baba. Akikua, atauza dagaa.

4. Dini na sheria zinasemaje

Kwa Wakristo, mafundisho ya Yesu mlimani yanakataza kuapa kabisa. Yanataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Kwa Waislamu, Kurani katika sura ya Al-Maida inatofautisha kiapo cha upuuzi na kile mtu alichokikusudia. Aliyevunja kiapo cha kukusudia ana kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa; asiyeweza, afunge siku tatu. Hebu kila mmoja apige hesabu ya viapo vyake vya mwaka huu.

Mahakama zetu zinaapisha mashahidi, na anayekataa kuapa kwa sababu ya imani yake huruhusiwa kuthibitisha bila kuapa. Tena, tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kama hakimu anaweza kuipokea ahadi ya mtoto, na sisi majumbani tunaweza.

5. Waliowahi kuacha

Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na Wakristo walioitwa Quaker, wenyewe wakijiita Marafiki. Walikataa kuapa hata mahakamani, wakafungwa kwa hilo, mpaka mwaka 1696 Bunge lilipowaruhusu kuthibitisha tu. Madukani mwao walijulikana kwa bei moja: bidhaa ina bei yake, mtoto akitumwa atauziwa sawa na mtu mzima. Pasipo bei ya uongo, kiapo hakikuwa na kazi. Mbegu yao ilifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

6. Njia za kuacha

Napendekeza mambo manne.

(a) Jihesabu. Siku moja tu, kila ukiapa hamisha punje ya mahindi kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Jioni zihesabu punje zako.

(b) Ukiulizwa "Kweli?", jibu "Ndiyo", kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana ulimi unataka kujazia.

(c) Badala ya kiapo, toa kinachoonekana. Pima upya. Onyesha stakabadhi. Taja bei utakayosimama nayo. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

(d) Usimwapishe mwenzako, hasa mtoto. Akisema kweli inayomtia hatiani, mshukuru kwanza, kisha zungumzeni kosa.

7. Hitimisho

Viongozi wa vyama, ombi langu kwenu ni moja: msimu huu mzani utazame upande wa mkulima, na karatasi ya makubaliano iwe na nakala mbili. Wafanyabiashara, tajeni bei mnayoiamini. Nami nimeshamlipa jirani yangu mwenye duka. Nilipomkabidhi fedha aliniuliza kama deni la mwezi ujao nalo nitalilipa kwa wakati. Nikamjibu, "Ndiyo." Akanitazama, akasubiri niongeze neno. Sikuongeza.