Deni la Simu Mlangoni mwa Nyumba

Msikilizaji, umepata nyumba Syokimau, bei mmeelewana, asilimia 10 umeshaweka. Kisha afisa wa mikopo anakupigia: jina lako liko kwenye orodha ya wasiolipa madeni ya CRB, kampuni inayotunza taarifa za mikopo. Deni lenyewe? Mkopo wa simu wa shilingi 1,800, wa miaka minne iliyopita, kwenye laini uliyokwisha kuitupa.

Tangu 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliruhusiwi kumtia Mkenya kwenye orodha hiyo. Lako limevuka kwa shilingi 800 tu. Na mkopeshaji alipaswa kukupa notisi ya siku 30 kwanza. Ila notisi ikitumwa kwa namba iliyokufa, ataisoma nani?

Wengi hukimbilia kulipa yaishe. Mimi ningevuta pumzi kwanza. Kulipa hakufuti rekodi: taarifa hubaki miaka 5 baada ya deni kumalizwa, ingawa itaonyesha limelipwa. Kama deni si lako, au ulishalilipa, usilipe tena. Peleka pingamizi la maandishi kwa CRB iliyotoa ripoti, pamoja na ule ujumbe wa malipo, kama hukuufuta. Kama ni lako, lipa, kisha dai barua kutoka kwa mkopeshaji na uifikishe benki mwenyewe. Usingoje mitambo yao izungumze.

Ripoti moja kwa mwaka ni bure. Kama bado unatafuta nyumba, iombe kabla ya kutoa hiyo asilimia 10, maana muda wa kukamilisha ununuzi kwa kawaida ni siku 90, na muuzaji hana habari na laini yako ya zamani.