Kasha Tunalijua, Tumbo Je?

Ndugu msomaji, maneno haya niliwaeleza vijana wenzangu tawini, wakaniomba niyaandike na wewe uyapate.

Wakubwa wakinunua mitambo hukata utepe, sisi tunapiga makofi. Umewahi kumsikia yeyote akiuliza nani alichora vyuma vya ndani? Hebu sikia kisa cha Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za kufumba siri kwa nchi zaidi ya 100. Serikali ikitaka kumwandikia balozi wake, ujumbe uliingia mashineni ukatoka vurugu tupu ya herufi. Balozi akaufumbua kwa mashine ya aina hiyo hiyo. Uswisi haina upande, wateja wakalala usingizi.

Kumbe mwaka 1970 kampuni hiyo ilinunuliwa kwa siri na majasusi wa Marekani, CIA, na wenzao wa Ujerumani Magharibi, BND! Mambo yalianikwa hadharani Februari 2020. Mashine hizo hazikuvunjwa na mwizi. Zilihujumiwa kwenye mchoro: kanuni ya kuchanganya herufi ilipikwa na NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano, ili mteja aone fumbo gumu lakini wao walifumbue upesi. Hata ungefungua kasha ukahesabu nyaya zote, usingeona kitu.

Mwaka 1978 Rais Anwar Sadat wa Misri alikuwa Camp David akijadiliana na Israel. Wamarekani, ambao ndio waliokuwa wasuluhishi, walikuwa wakisoma anayoandikiana na Cairo. Huo ni usuluhishi, au ni kucheza karata huku umeshaziona za mwenzio?

Mwaka mmoja kabla ya hapo, fundi wa kampuni, Peter Frutiger, alikuwa akienda Damascus kushughulikia malalamiko ya Syria, na inaelezwa akaziba udhaifu wa mashine zao. Ghafla Marekani ikashindwa kusoma siri za Syria. Frutiger akafukuzwa kazi. Naam, kwa kutengeneza!

Nasi mwaka 2015 tuliandikishwa kupiga kura kwa mashine za BVR, vidole na sura zetu zikaingia humo. Sisemi zilichezewa, sina ushahidi. Lakini ukikutana na mbunge wako muulize: mitambo kama hiyo ikinunuliwa, mkataba unawaruhusu wataalamu wetu, wakiwemo wa vyama vya upinzani, kuona michoro na kuikagua? Akikujibu kwamba hiyo ni siri ya muuzaji, muulize anayefichwa ni nani.